Ugumba wa kiume unaotoka kwa mama

Picha iliingia WhatsApp nikiwa nimebanwa kwenye mwendokasi, kati ya Ubungo na Magomeni. Shemeji yangu anayelima vitunguu Mang'ola, kule bonde la Ziwa Eyasi, alikuwa ameshika mashada matatu ya maua ya vitunguu yaliyokauka. Ameyafikicha kiganjani. Makapi matupu. Chini ya picha kaandika: "Shemeji, ile mbegu uliyonitumia ilikuwa dume?"

Mbegu niliinunua mimi mwenyewe Kariakoo, kopo la mbegu chotara, nikalituma kwa basi kutoka stendi ya Mbezi. Muuzaji aliniambia neno moja tu huku akihesabu chenji: "Hii si ya kurudia." Nikalielewa kama tunavyolielewa wengi, kwamba ukirudia mbegu ya chotara mavuno yanashuka. Shemeji naye onyo halikumtisha. Alivuna, akauza, akachagua vitunguu vilivyonona akavipanda upya ili vitoe mbegu, kama anavyofanya miaka yote na vitunguu vyake vya kienyeji. Mashina yakarefuka, maua meupe yakachanua, nyuki wakaja. Mbegu hazikuja.

Nilimjibu kwamba haikuwa dume. Ilikuwa kinyume chake: jike tupu. Akanirudishia alama tatu za kuuliza, na safari ya kujibu alama hizo imenifikisha mbali, mpaka Texas na Hainan.

Nianze na mpapai. Dar es Salaam kila mwenye uwanja anaufahamu mpapai dume: unatoa maua kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, unakula mbolea, hauzai, mwishowe unakutana na panga. Kwa mpapai, jinsia hupangwa na kromosomu zilizo ndani ya kiini cha seli, zinazotoka kwa baba na kwa mama, karibu kama ilivyo kwetu. Kitunguu hakiko hivyo. Ua moja la kitunguu lina pande zote mbili: vifuko vya chavua, ambao ni upande wa baba, na ovari, ambao ni upande wa mama. Mhindi nao una pande zote mbili kwenye mmea mmoja, ila umezitenga: mbelewele juu ni baba, na zile ndevu za hindi ni mama, kila unywele ukielekea kwenye punje yake.

Sasa iko mimea ambayo upande wa baba umekufa peke yake. Ua linachanua kama kawaida, vifuko vya chavua vinaonekana, lakini ndani ni vumbi lisilo na uhai, au hamna kitu kabisa. Upande wa mama ni mzima. Uletee chavua kutoka mmea mwingine, utazaa bila tatizo. Huu ndio ugumba wa kiume wa mimea. Ile aina yake inayobeba sehemu kubwa ya biashara ya mbegu chotara duniani chanzo chake hakiko kwenye kiini cha seli. Kiko kwenye mitokondria, vyumba vidogo vilivyo ndani ya seli lakini nje ya kiini, na mmea huirithi kwa mama peke yake.

Kuhasi shamba zima

Kwa nini mtu atake mmea mgumba? Kwa sababu chotara ni mtoto wa koo mbili tofauti, kila moja ikiwa imesafishwa kwa vizazi kadhaa mpaka mimea yake inafanana kama pacha. Ukitaka kila punje unayouza iwe chotara, lazima ukoo mmoja shambani uwe mama tu. Ukijichavusha wenyewe, umeharibu kopo.

Kwa mahindi kazi hiyo inafanyika kwa mkono. Kwenye mashamba ya mbegu vibarua hupita mstari kwa mstari, wiki kadhaa, waking'oa mbelewele za mistari ya mama kabla hazijamwaga chavua, na kuacha mistari ya baba. Marekani kazi hii imekuwa kibarua cha likizo cha vijana wa sekondari kwa vizazi. Afrika nako mahindi mengi ya chotara bado hutegemea mikono ya watu.

Lakini kahasi kitunguu uone. Shada moja lina mamia ya maua madogo, na kila ua limebeba baba na mama kwa pamoja. Suke la mtama linaweza kuwa na maua zaidi ya elfu moja. Alizeti, kile tunachokiita ua ni mkutano wa maua mia kadhaa, wakati mwingine zaidi ya elfu, yaliyokaa duara. Mpunga hivyo hivyo. Hakuna kibarua atakayekaa na kibano ekari nzima. Kwa mazao haya ama upate mmea unaojihasi wenyewe, ama usahau habari ya chotara.

Mmea wa namna hiyo ulijitokeza mwaka 1925, California. Mtafiti wa vitunguu Henry Jones, kule Davis, aliona kwenye kitalu mmea mmoja ambao haukuwa umeweka mbegu. Kwa kawaida mmea wa aina hiyo ungekufa na siri yake. Huu ulikuwa na bahati: badala ya mbegu, juu ya shada lake vilichipua vitunguu vidogo vidogo, ambavyo ukivipanda vinatoa mmea uleule. Jones akautunza kwa njia hiyo. Alipouchavusha kwa chavua ya vitunguu vingine, aligundua kwamba ugumba ulikuwa unamfuata mama. Ubadilishe baba uwezavyo, mama akiwa mgumba wa kiume, watoto nao wengi wanazaliwa wagumba. Wapo waliopona, na hao tutawarudia. Maelezo kamili ya urithi huo yalichapishwa mwaka 1943, na vitunguu chotara vya leo vimetokana na njia aliyoifungua.

Mgeni aliyehamia na nyaraka zake

Kila aliyepita sekondari anakumbuka mitokondria kwa sentensi moja, ile ya kiwanda cha nishati cha seli. Sentensi hiyo ni kweli, ila imefunika jambo kubwa zaidi. Mitokondria zamani ilikuwa bakteria. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita bakteria huyo aliingia ndani ya seli nyingine, wakaishi pamoja, na hajatoka mpaka leo. Mwanabiolojia Lynn Margulis alilitetea wazo hili kwenye makala yake ya mwaka 1967, akapingwa sana mwanzoni. Leo halina mpinzani wa maana, na mojawapo ya sababu ni kwamba mitokondria bado inatembea na DNA yake yenyewe, nje ya kiini.

Kwa binadamu DNA hiyo ni fupi na imebanwa kama mizigo ya daladala ya saa kumi na mbili jioni: herufi 16,569, jeni 37, karibu hakuna nafasi iliyo wazi. Iliposomwa yote mwaka 1981, watu walidhani mitokondria za viumbe wengine zitakuwa hivyo hivyo. Mimea ikawashangaza. Arabidopsis, kajimea kadogo wanakopenda kukatumia maabara, kana herufi kama 367,000. Mhindi una zaidi ya nusu milioni. Tango lina zaidi ya milioni moja na nusu, na kuna ua la porini, Silene conica, lenye zaidi ya milioni 11. Si kwamba zina jeni nyingi hivyo. Arabidopsis ilipohesabiwa mwaka 1997 ilipatikana na jeni 57. Kilichobaki ni uwanja mtupu, marudio, vipande vilivyookotwa kwenye kiini na kwenye kloroplasti.

Na uwanja huo haukai ulivyo. Jeffrey Palmer na mwenzake walionyesha mwaka 1988, wakilinganisha mimea ya jamii ya kabichi, kwamba herufi za DNA ya mitokondria ya mimea hubadilika polepole mno, lakini mpangilio wake huchanganywa kwa kasi. Vipande vinakatika, vinageuzwa, vinaungana na visivyohusiana. Mtu aliyewahi kupita Gerezani, ule mtaa wa gereji hapa Dar, akaona gari limeungwa kwa bodi ya hili na chasi ya lile hahitaji maelezo zaidi. Mara nyingi maungio hayo hayana madhara. Mara mojamoja vipande viwili vya jeni tofauti vinajikuta vimeshonwa pamoja, vikawa jeni mpya inayosomeka mwanzo hadi mwisho, inayotoa protini ambayo haikuwahi kuwepo. Nitaiita jeni ya viraka. Karibu kila ugumba wa aina hii uliochunguzwa hadi ndani umekutwa na jeni ya viraka, na mara nyingi kiraka kimojawapo kimetoka kwenye jeni za mitambo ya kuzalisha nishati.

Hesabu ya ukoo wa mama

Swali linalonivutia zaidi ni hili: kama jeni ya viraka inaua chavua ya mmea, mbona haijafutika yenyewe? Tunavyofundishwa, chenye kudhuru uzazi hutoweka.

Jibu nililipata kwa mama yangu kabla sijalipata kitabuni. Kwa Waluguru, anakotoka yeye, ukoo unapita kwa mama, na hivyo hivyo walihesabu Wazaramo wenyeji wa hapa pwani. Mtoto wa kiume ni mwanaukoo kamili, lakini watoto wake si wa ukoo huo; ni wa ukoo wa mama yao. Ukoo unaendelea kwa dada zake. Ndiyo maana mjomba alikuwa na kauli kuliko baba. Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke mpaka mwisho, bila ubinadamu wowote wa kuilainisha. Kwa mazao mengi chavua haipitishi mitokondria. Mbegu inazipata zote kwenye yai. (Ndizi na tango ni wakaidi, mitokondria zao hupitia kwa baba, lakini tuwaache na ukaidi wao.) Kwa hiyo kwa mitokondria, chavua ni mtoto asiyeendeleza ukoo. Nguvu, sukari na protini zote zinazotumika kutengeneza chavua, kwa upande wake, ni mali inayotoka nje ya nyumba.

Mtafiti Dan Lewis aliliweka hili kwa hesabu mwaka 1941. Jeni iliyo kwenye kiini hupita njia mbili, kwa mbegu ambazo mmea unazaa na kwa chavua inayokwenda kuzalisha mbegu za wengine. Jeni hiyo ikiugeuza mmea kuwa jike tupu, imejikatia njia moja, kwa hiyo ili isipate hasara mmea lazima uzae mbegu mara mbili ya mwanzo. Mitokondria haina njia ya pili ya kupoteza. Mmea mgumba wa kiume ukizaa mbegu chache tu zaidi ya wenzake, kwa kuwa nguvu ya chavua imehamia kwenye mbegu, jeni ya viraka imeshapata faida na itaenea. Hakuna nia hapo wala akili. Ni hesabu ya nani anabaki. Na haikuanzia kwa wakulima. Ziko jamii za mimea ya porini, aina za zaatari zikiwemo, ambamo mimea jike tupu inaishi bega kwa bega na yenye jinsia zote mbili, vizazi na vizazi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouita ugumba huu kasoro. Kasoro kwa nani? Kwa kiini, ndiyo. Kwa mitokondria ni mafanikio.

Basi linapofika Kitonga

Jeni hii imo kwenye kila mitokondria ya mmea, kuanzia mzizi hadi jani la juu. Mbona mmea unakua vizuri, unatoa majani ya kijani, unazaa, halafu kinachokufa ni chavua tu?

Ndani ya kifuko cha chavua kuna tabaka la seli linaloitwa tapetamu. Kazi yake ni kulea: linazilisha chembe za chavua zikiwa changa, halafu linakufa kwa wakati wake, na mabaki yake yanakuwa chakula na gamba la nje la chavua. Warmke na Lee walipozihesabu kwenye mahindi, matokeo yao yakatoka mwaka 1978, walikuta mitokondria kwenye seli za tapetamu zinaongezeka mara 40 ndani ya muda mfupi. Hakuna sehemu nyingine ya mmea inayodai nishati kwa namna hiyo. Basi lenye injini iliyochoka linatoka Dar, linapita Morogoro, Mikumi, linafika Ruaha Mbuyuni abiria wamelala. Linapoanza kupanda mlima wa Kitonga ndipo utajua lilikuwa bovu tangu Mbezi.

Maelezo hayo yanatosha kwa mahindi ya wakati ule, lakini si kwa kila zao. Kwenye alizeti, seli za tapetamu hufa mapema kuliko ratiba, na watoto wanakufa kwa kukosa mlezi. Kwenye mpunga, protini ya viraka iitwayo WA352, iliyoelezwa na watafiti wa China mwaka 2013, inaing'ang'ania protini nyingine, COX11, ambayo imetoka kwenye kiini kuja kusaidia kazi ndani ya mitokondria. Tapetamu inajimaliza mapema. Njia ni nyingi. Zinakutana kwenye kifuko kilekile.

Kiini nacho hakikukaa kimya. Kwa sababu kiini ndicho kinachopoteza, jeni yoyote ya kiini itakayoizima jeni ya viraka itaenea haraka. Ndio wale watoto waliopona: walirithi kwa baba jeni inayoitwa mrejeshaji. Ya kwanza kutambuliwa ya familia kubwa ya warejeshaji ilikuwa ya petunia, mwaka 2002. Mwaka uliofuata ikapatikana ya figili, kisha za mpunga. Nyingi hutengeneza protini za aina moja, zinazojulikana kwa herufi PPR. Hutumwa ndani ya mitokondria, zinaitafuta nakala ya RNA ya jeni ya viraka, yaani barua ambayo seli huisoma ili itengeneze protini, kwa kusoma herufi zake, zinaishika, na nakala hiyo inakatwa au inazuiwa kusomwa. Jeni yenyewe haiguswi. Barua bado inaandikwa, ila haimfikii mlengwa.

Mrejeshaji mmoja wa mahindi ana tabia tofauti. Ni kimeng'enya cha kawaida cha kusafisha kemikali zenye sumu kwenye seli, na inaonekana kinatibu madhara bila kuigusa barua. Kilitambuliwa mwaka 1996, kikawaacha watu wakikuna vichwa, maana mahindi mengi yanacho hata yale ambayo hayajawahi kukutana na ugumba huo.

Ndugu wawili wa mtama

Kwa hiyo kwenye ukoo wa mmea uliokaa pamoja muda mrefu, vita hivi huwa vimeshaisha. Mitokondria ina jeni ya viraka, kiini kina mrejeshaji, chavua inatoka, na ukiangalia shambani huoni kitu. Amani ya namna hiyo inadumu mpaka umwoze mmoja wao mbali.

Ndivyo ilivyotokea kwa mtama, zao letu wenyewe. Mtama ulifugwa Afrika, ukasafiri. Marekani zilifika koo kadhaa, kati yake milo, wenye asili ya upande huu wa mashariki, na kafir kutoka kusini mwa bara. J. C. Stephens na R. F. Holland walichapisha mwaka 1954, kutoka Texas, walichokiona walipochukua milo kuwa mama na kafir kuwa baba, wakarudia kumpa kila kizazi chavua ya kafir: baada ya muda mimea ilikuwa na mitokondria za milo ndani ya mwili ambao kiini chake ni cha kafir. Mimea hiyo haikuwa na chavua hai. Milo mwenyewe si mgumba, kwa sababu kiini chake kina mrejeshaji. Kafir si mgumba, kwa sababu mitokondria zake hazina tatizo. Uwaunganishe kwa mpangilio huo, mitokondria inakutana na kiini kisichoijua, na kiraka kinafanya kazi yake bila kizuizi. Nasikitika kidogo kila nikikumbuka kwamba ndugu hawa wawili wa Afrika walikutanishwa ugenini, na faida ya kwanza ikavunwa huko.

Alizeti ilikuwa hadithi ileile. Patrice Leclercq, Ufaransa, mwaka 1969, alipata ugumba kwa kuchukua mitokondria za alizeti ya porini, Helianthus petiolaris, akaziweka ndani ya alizeti ya shambani. Chanzo hicho kimoja ndicho kinachobeba karibu alizeti zote chotara za kibiashara duniani, pamoja na zile zinazolimwa huku kwetu kwa ajili ya mafuta.

Ukishaelewa milo na kafir, mfumo wa mistari mitatu unajieleza wenyewe. Mstari A ni mama mgumba wa kiume. Hawezi kujizalisha, kwa hiyo unaye B, pacha wake wa kiini lakini mwenye mitokondria nzima: chavua ya B juu ya A inazaa A mwingine, kwa sababu kiini ni kilekile na mitokondria ni za mama. Halafu R, ukoo tofauti kabisa, wenye mrejeshaji. R akimchavusha A, mbegu inayopatikana ndiyo chotara anayouziwa mkulima, na shambani kwake chavua inatoka, punje zinajaa. Kwa mtama, mpunga na alizeti huwezi kukwepa R, maana tunakula mbegu. Kwa kitunguu unaweza. Tunakula kitunguu chenyewe, hatungoji mbegu, kwa hiyo anayetengeneza chotara ya kitunguu hana haja ya kumrudishia uzazi. Shemeji, kama unasoma, jibu lako lilikuwa hapa.

Mwaka 1970

Mwaka mmoja uliibeba sifa ya mbinu hii na aibu yake.

Sifa ilitoka kisiwa cha Hainan, kusini mwa China. Yuan Longping na wenzake walikuwa wametafuta miaka kadhaa mpunga mgumba wa kiume. Novemba 1970 wasaidizi wake waliukuta mmea wa mpunga pori ambao vifuko vyake vya chavua vilikuwa vimedumaa. Kutokana na mmea huo mmoja walijenga mstari A; kufikia 1973 mistari mitatu ilikuwa imekamilika, na mwaka 1976 chotara ilianza kusambazwa kwa wakulima wengi. Mpunga, zao ambalo hujichavusha lenyewe na ambalo wengi waliamini chotara yake haiwezekani, ukawa wa chotara.

Aibu ilikuwa Marekani. Kampuni za mbegu za mahindi zilikuwa zimechoka kulipa vibarua wa kung'oa mbelewele, zikahamia kwenye ugumba uliopatikana Texas miaka ya 1940, unaoitwa T. Ulikuwa imara, rahisi, wa bei nafuu. Kufikia 1970 mahindi chotara karibu asilimia 85 nchini humo yalikuwa na mitokondria za T. Viini vilikuwa tofauti, majina kwenye mifuko yalikuwa tofauti, na mkulima aliyenunua aina tatu alidhani ametawanya hatari. Upande wa mama zote zilikuwa nyumba moja.

Kutoka Ufilipino lilishakuja onyo mwaka 1961 kwamba mahindi ya T yanaungua vibaya na ugonjwa wa madoa ya majani. Halikusikilizwa. Majira ya joto ya 1970, yenye unyevu mwingi, kuvu anayeitwa Bipolaris maydis, wa aina mpya, alipanda kutoka Florida kuelekea kaskazini kama moto wa nyasi. Kiasi cha asilimia 15 ya mahindi ya nchi nzima kilipotea, hasara iliyokadiriwa dola bilioni moja za wakati huo.

Kilichokuja kueleweka baadaye kinanitia baridi. Jeni ya viraka ya T, iliyosomwa na Dewey, Levings na Timothy mwaka 1986, imeundwa zaidi na kipande cha jeni ya RNA ya ribosomu, mtambo wa seli wa kutengenezea protini. Hata haikupaswa kutoa protini. Ila inatoa, asidi amino 115 hivi, na protini hiyo inakaa kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Kuvu wa aina ile mpya alitoa sumu ambayo mahindi ya kawaida hayaijali. Ikikutana na protini ya T inaishika, na utando unatoboka. Nishati inavuja. Kwa hiyo kitu kilekile kilichowaokolea watu gharama ya vibarua ndicho kilichokuwa mlango wa ugonjwa, na mlango huo ulikuwa wazi kwenye kila seli ya kila jani. Kampuni zikarudi mbio kwenye kung'oa mbelewele kwa mkono.

Si kila ugumba una mlango huo. Wa mtama, wa alizeti na wa mpunga imedumu miongo kadhaa bila balaa la namna hiyo. Ila ukisikia leo mtu anasifia chanzo kimoja kwa uimara wake, muulize kiko kwenye mashamba mangapi.

Kwa miaka mingi kulibaki pengo kwenye ushahidi. Kila jeni ya viraka ilishitakiwa kwa kukutwa eneo la tukio. Hakuna aliyeweza kuiondoa ndani ya mitokondria aone kama chavua itarudi, kwa sababu DNA ya mitokondria ilikuwa haihaririki. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walilifanya. Walitengeneza mkasi wa protini unaoingia ndani ya mitokondria, wakaikata jeni ya viraka ya mpunga na nyingine ya mmea wa mafuta wa jamii ya kabichi. Mitokondria ikaziba jeraha kwa kuungaunga vipande, kwa tabia yake ileile ya Gerezani, na jeni ikapotea. Uzazi ukarudi.

Usiku nilimpigia shemeji. Alitaka kujua jambo moja tu: mwakani akivipanda vile chotara karibu na Mang'ola Red, vile vitunguu vyake vya kienyeji, nyuki wakaleta chavua, je, atapata mbegu? Atapata, nikamwambia, mama yake ni mzima. Lakini kila mbegu itakuwa na mitokondria za mama huyo, kwa hiyo watoto nao watakuwa majike matupu, isipokuwa wale watakaobahatika kupata mrejeshaji kwa baba, maana baadhi ya vitunguu vya kawaida wanaye. Na alizeti chotara ya jirani yake? Hiyo akirudia itazaa, ila kwa kuwa mrejeshaji mkuu ni jeni moja, robo hivi ya mimea itakosa chavua, na vimo vitakuwa vya kila namna.

"Kwa hiyo ukoo mzima umefungwa upande wa mama," akasema.

Nikamwambia ndivyo. Akauliza kopo jipya bei gani sasa hivi Kariakoo. Nilipomtajia alikaa kimya kidogo, nikasikia anamwita mwanawe achungulie darini. Ilikuwepo chupa ya mbegu za Mang'ola Red za mwaka juzi, imezibwa kwa gunzi.